Jibu: Skana ya CIS inatoa nakala yenye giza upande mmoja

Mkuu, umesema LED zinawaka lakini nakala inazidi kuwa na giza kuelekea kulia. Usikimbilie kununua LED. Skana nyingi za CIS (zenye mstari wa vihisi unaosoma karatasi kwa karibu sana) zina LED nyekundu, kijani na bluu kwenye ncha moja tu ya kijiti cha akriliki, yaani plastiki angavu. Mwanga husafiri ndani ukidundadunda, maana ukigonga ukuta kwa pembe inayozidi nyuzi 42 hivi kutoka mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo, hautoki. Kinachoutoa ni vijifereji vya mgongoni mwa kijiti: haba karibu na LED, vingi zaidi mbali, ili karatasi imulikwe sawasawa.

Sasa, kijiti kikiachana na LED, giza huwa la ukurasa mzima. Likizidi kadiri unavyoondoka kwenye LED, shuku mafuta ya vidole au mikwaruzo: mwanga unavuja njiani. Hakikisha pia ganda jeupe linalokishika limekaa vizuri, kwa kuwa ndilo linalorudisha mwanga uliovuja.

Futa kijiti kwa kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo, kausha kabisa. Thina usiiguse, akriliki itapasuka nyufa ndogondogo (na hapo kijiti ndiyo basi). Halafu fanya kalibresheni upya (skana ijipime mwanga wake yenyewe). Mistari myembamba ya wima ni tatizo jingine, mara nyingi uchafu kwenye kioo au utepe mweupe wa kalibresheni.