MYCIN haikuwahi kutibu wagonjwa

Unasema MYCIN, ile programu ya kompyuta ya kushauri madaktari, iliwahi kuwaamulia wagonjwa dawa? Hapana mkuu, haikuwahi kuamua dawa za mgonjwa wodini. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1970 kushauri antibayotiki, na kwenye jaribio la homa ya uti wa mgongo lililochapishwa 1979, mapendekezo yake hayakuzidiwa na ya madaktari wa hapo hapo. Uwezo ilikuwa nao. Ilikwama kwenye matumizi: daktari akae kwenye kompyuta, achape majibu ya swali moja baada ya jingine, huku mgonjwa anasubiri. Na ikikosea, nani ashtakiwe? Ila ukiiuliza kwa nini inataka taarifa fulani, ilikuonyesha kanuni inayoifuata. Programu nyingi za leo hapo zinababaika.