Lenzi ya D kwenye D5300: hakuna kilichokufa

Ndugu yangu, usigombane na muuzaji bado. Unasema Nikon 50mm f/1.8D uliyoijaribu pale Birere, hapa Goma, haifokasi yenyewe kwenye D5300 yako, naye anadai kamera ndiyo imekufa. Hakuna kilichokufa. Lenzi za AF za D kama hii (zisizoandikwa AF-S) hazina mota ndani. Zinazungushwa na mota ya kamera, na D5300 haina. Igeuze lenzi uitazame nyuma, kwenye chuma kinachoshikana na kamera: utaona kiskrubu kidogo chenye mfuo. Hicho ndicho kinachosubiri kuzungushwa. Ibandike kwenye D7100 ya rafiki, kamera yenye mota hiyo, itafokasi papo hapo.

Kufokasi kwa mkono kunawezekana; kitone cha kijani ndani ya kitundu cha kuchungulia kitakuonyesha fokasi imekaa. Kwa mtu aliyetulia kitini, sawa. Kwa harusi, wee! Bibi harusi hakungojei. Mimi ningetafuta AF-S 50mm f/1.8G, yenye mota yake ndani, hata kwa kuongeza dola kadhaa, na D nisingeilipia bei ya G.

Kamera ikiandika fEE, maana yake ringi ya lenzi yenye namba za tundu la mwanga haiko mahali pake: izungushe hadi 22 uifunge hapo. Wapo wanaorudisha lenzi nzima kwa hilo tu.

Kabla ya kutoa pesa, weka ringi hiyo kwenye 1.8, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu, yaani kuvu, na unyevu wa huku ziwani unaulea vizuri. Hiyo iache, hata akikupunguzia nusu bei.