Taa ya TRC ikiwaka, usikimbilie kununua sensa

Ninyi mnaoanza gereji mtakutana na taa hii karibu kila wiki, hasa kwenye Toyota: kigari kinachoserereka, au maandishi VSC (mfumo wa kuzuia gari kupoteza mwelekeo) na TRC (wa kuzuia tairi kuserereka). Wengi huagiza sensa ya kasi ya gurudumu papo hapo. Mfumo wa kuzuia tairi kuserereka hutegemea taarifa za ABS (breki zisizokaza tairi likaganda), injini, usukani na swichi ya breki. Mmoja wao akinyamaza, taa inawaka.

Itazameni taa kwanza. Ikipepesa gari likiwa kwenye tope kisha ikazima, mfumo unafanya kazi yake. Ikionyesha OFF, bonyezeni swichi ya TRC, huenda mtu aliizima tu. Ikiwaka pamoja na taa ya injini, anzeni na injini: kwenye Toyota nyingi VSC hujitoa kazini injini ikiwa na hitilafu, kwa sababu haiwezi tena kuiamini injini hiyo ipunguze nguvu inapoambiwa. Kodi (namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari) C1201 maana yake ni hiyo. Ikiwaka na taa nyekundu ya breki, gari lisitoke gereji kabla hamjakagua mafuta ya breki.

Pimeni betri pia. Injini ikiwa imezimwa mtarajie volti 12.6 hivi, ikiunguruma 13.8 hadi 14.5. Umeme mdogo huleta kodi C1241, na hapo sensa mpya haisaidii kitu.

Vimashine vingi vya bei nafuu vya kusomea kodi husoma za injini tu, zile za P. Tunazotaka huanza na C: C0200 ni gurudumu la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Kama hamna mashine, kwenye Toyota nyingi unganisheni tundu la 4 na la 13 la soketi ya OBD (ile ya kuchomekea mashine ya kupimia) kwa kipande cha waya, swichi ya ufunguo ikiwa imezimwa, kisha iwasheni bila kuwasha injini. Taa ya ABS itapepesa namba: 31, 32, 33 na 34 ni magurudumu kwa mpangilio huohuo. Hesabuni matundu mara mbili. La 16 lina umeme wa betri moja kwa moja; likigusana na la 4, fyuzi inaungua.

Sasa sikilizeni vizuri. C0205 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema ishara ya gurudumu hilo haifiki sawasawa, na kati ya habu na kompyuta ya ABS pana mambo mengi. Fungueni kasi za magurudumu yote manne kwenye mashine, mwingine aendeshe kilomita 20 kwa saa barabara iliyonyooka. Moja likisoma sifuri muda wote, shukuni waya uliokatika, soketi iliyoota kutu au sensa yenyewe. Likipotea usukani unapokatwa tu, waya umekatikia ndani ya ganda lake karibu na shokomzoba, ingawa kwa nje unaonekana mzima. Likirukaruka, chomoeni sensa mfute unga wa chuma uliong'ang'ania nchani, kisha mtikise tairi kusikiliza beringi.

Sensa za zamani zenye koili hupimwa kwa omu; linganisheni ya kushoto na ya kulia. Za kisasa msizipime hivyo. Chomoeni soketi ya sensa, washeni swichi ya ufunguo, mwone kama umeme unafika upande wa gari.

Gari likija na taa siku moja baada ya kubadilishwa beringi, shukuni beringi hiyo kabla ya kingine chochote. Nyingi zina ukanda wa sumaku upande mmoja, nao lazima uelekee sensa. Ikipigwa kinyume, gurudumu linazunguka vizuri kabisa lakini kompyuta haioni kitu. Kabla ya kuisukuma ndani, sogezeni kibanio cha karatasi pande zote mbili: upande unaokivuta ndio huo.

Na someni ubavuni mwa matairi. Tairi moja ya 205/60R16 kati ya tatu za 205/55R16 ina kipenyo kikubwa kwa milimita 20 hivi, zaidi ya asilimia 3, na kompyuta huiona kama gurudumu lenye kasi ya ajabu.

Mkimaliza, futeni kodi, endesheni, someni tena. Kodi C1210 au C1336 ikibaki, sensa za mwelekeo zinahitaji kuwekwa sifuri kwa mashine: gari sakafu tambarare, usukani umenyooka, na mtu asiliegemee wala kufunga mlango mpaka kazi iishe.