Vumbi la angani hutoka wapi?

SWALI: Januari hadi Machi hapa Lanet, Nakuru, vumbi huingia ndani ya darubini yangu ya kioo cha inchi 6 hata nikiifunika. Nasikia darubini zilizo angani nazo huchafuka. Kule hakuna upepo wala barabara ya murram. Vumbi lao latoka wapi? Na kioo changu nikioshe vipi?

JIBU: Latoka huku huku kwetu. Nyuzi za nguo, ngozi ya mafundi inayopukutika, vipande vya rangi, unga wa chuma wa skrubu iliyokazwa: vyote hupanda na chombo. Roketi ikitikisika, chembe zilizojificha kwenye mikunjo ya blanketi za kukinga joto huachia. Nyingine hutua kwenye kioo, nyingine huelea nje. Chembe iliyo mita chache mbele ya darubini, ikipigwa na jua, hung'aa kuliko nyota inayotafutwa, na kwa vile iko karibu mno, pichani huonekana kama duara la ukungu au mchirizi. Mwaka 1985, katika safari ya Spacelab 2, maabara iliyobebwa na chombo cha Space Shuttle, kipande cha Mylar (plastiki nyembamba ya kukinga joto) kilibanduka kikaziba sehemu ya mbele ya darubini ya infraredi, yaani ya mwanga wa joto usioonekana kwa macho.

Chembe za kwenye kioo hazileti giza sana. Ubaya wake ni kutawanya mwanga wa jua, Mwezi na Dunia juu ya vitu hafifu. Barafu inayoganda kwenye kioo ina nafuu, kwani huondoka kwa joto: mwaka 2024 kioo kimoja cha Euclid, darubini ya angani ya Ulaya, kilipashwa kwa nyuzi 34 tu za Selsiasi, kutoka -147 hadi -113, na mwanga ukaongezeka kwa asilimia 15. Vumbi halitoki kwa joto. Ndiyo maana kazi yote hufanyika kabla ya safari, katika chumba safi. Kwa daraja la ISO 7, mojawapo ya viwango vya kimataifa vya usafi wa hewa ya vyumba hivyo, mita moja ya ujazo ya hewa haipaswi kuzidi chembe 352,000 za maikromita 0.5 (maikromita ni sehemu ya milioni ya mita) na zaidi. Taa huzimwa, taa ya urujuanimno ikapitishwa taratibu juu ya kioo, na uzi wa nguo usioonekana mchana huwaka samawati.

Wewe una maji, basi usiwe na haraka. Vumbi jepesi liache. Kuosha ovyo hukwaruza kuliko vumbi lenyewe. Likizidi, puliza kwa pampu ya mpira, kamwe si kwa mdomo. Suuza kwa maji ya uvuguvugu dakika kadhaa ili mchanga utoke wenyewe. Tia tone moja la sabuni ya vyombo katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa (distilled), lowesha pamba safi, uivute juu ya kioo kwa uzito wake tu, kila mvuto pamba mpya. Malizia kwa maji yaliyotoneshwa, kisimamishe kikauke. Leso kavu isikiguse. Ukikirudisha, rekebisha skrubu za nyuma ya kioo mpaka nyota iliyotolewa kidogo kwenye fokasi (pale picha inapokuwa kali) ionyeshe miduara yenye kitovu kimoja.