Mbona Bolivia wenyeji walishika nchi, Peru wakakosa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi kijana wa Ujiji, nauza dagaa na mawese sokoni Mwanga. Juzi kijiweni tulibishana kuhusu Amerika ya Kusini, jamaa akasema Bolivia wenyeji, yani watu wa asili waliokuwepo kabla ya Wahispania, waliunda chama chao wakashika nchi, nikauliza mbona Peru nako wenyeji wamejaa tele ila chama kama hicho hakipo, kila mtu kimya. Halafu kuna hili linaniuma. Mwaka jana nilienda ofisi moja kufuatilia kitambulisho nikaambiwa hebu ongea Kiha tusikie kama ni cha huku au cha ng'ambo. Sasa na sisi Waha tukiwa na chama chetu si ndio tutaheshimiwa kama hao?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mtu kupimwa lafudhi ili ijulikane kama ni wa hapa inaumiza, na nitairudia mbele kidogo.

Huyo mwenyeji aliyeshika nchi Bolivia ni Evo Morales, Muaymara, yani wa kabila mojawapo la wenyeji, alichaguliwa kuwa rais Desemba 2005 kwa karibu asilimia 54. Ila usidhani watu waliamka siku moja wakasema haya wenyeji twendeni. Kabla ya mapinduzi ya 1952 Bolivia asiyejua kusoma na kuandika hakuwa na kura, na hao wasiojua walikuwa wengi wao ni wenyeji. Mapinduzi yakaleta kura kwa wote, 1953 ardhi ikagawiwa, na lile neno "indio" ambalo lilishakuwa tusi likawekwa pembeni, wakaitwa wakulima. Yani mtu yule yule, shamba la viazi lile lile, jina jipya. Miaka ya 70 vijana wa Kiaymara waliosoma wakaanza kusema wakulima ndio sisi lakini pia sisi ni taifa, wakamfufua Tupac Katari aliyeuzingira mji wa La Paz mwaka 1781, wakajiita kwa jina lake.

Sasa 1985 bei ya bati ikaanguka, serikali ikafunga migodi na wachimbaji zaidi ya 20,000 wakapoteza kazi, wengine wakahamia El Alto kule juu ya La Paz, wengine wakashuka bonde la Chapare kulima koka, mmea ambao majani yake wenyeji hutafuna na kokeini hutengenezwa humo. Hapa ndio pa kuangalia sana. Wachimbaji walikuwa na vyama vya wafanyakazi, wanajua kuitisha kikao, kuchangishana, kufunga barabara. Wanavijiji nao walikuwa na ayllu, yani jumuiya yao ya ukoo na ardhi ambayo uongozi unazunguka, mwaka huu wewe mwakani jirani yako, utake usitake. Hivyo viwili vikakutana. Mwaka 2000 pale Cochabamba kampuni binafsi ikakabidhiwa maji na bili zikapanda ghafla, mji mzima ukatoka barabarani mpaka mkataba ukavunjwa, na sisi wa Tabora tuliokesha foleni na ndoo tupu tunajua maji yanaweza kumtoa mtu ndani. Oktoba 2003 ikawa zamu ya gesi, El Alto wakafunga njia, watu zaidi ya 50 wakauawa na rais Gonzalo Sánchez de Lozada akajiuzulu akakimbia nchi.

Kwahiyo Morales alipopita kugombea hakuwa anauza kabila, alikuwa anasema maji, gesi, koka na heshima ya mwenyeji vyote kwa mpigo, na makamu wake Álvaro García Linera hakuwa mwenyeji. Mlango ulikuwa wazi. Kulikuwa na Muaymara mwingine, Felipe Quispe, mtu jasiri kweli, chama chake kiliongea taifa la Waaymara zaidi, mwaka 2002 kikapata kama asilimia 6, 2005 kama 2 tu. Hilo liweke akilini kwa lile swali lako la pili.

Peru nao walibadilishiwa jina, Jenerali Velasco aliyekuwa anatawala alipogawa ardhi 1969 "indio" wakawa wakulima. Ila kuanzia 1980 ikaja vita ya waasi wa kikomunisti walioitwa Sendero Luminoso na jeshi, na viongozi wa vijiji vya milimani wakawa wanauawa na pande zote mbili. Tume ya ukweli ilikadiria waliokufa karibu 70,000, na kwenye kila 100, 75 walikuwa ni watu wa Kikechua au lugha nyingine ya kienyeji. Sasa hapo nani aitishe kikao? Waliokimbilia Lima wengi wakaificha lugha, mama anaongea Kikechua na mwenzie jikoni, mtoto akiingia wanahamia Kihispania, maana lafudhi ya milimani mjini ilikuletea dharau na wakati wa vita ilikuletea kushukiwa. Hii ndio ile ya kwako pale ofisini mwanangu, na ndio maana nimesema nitairudia. Utambulisho unaofichwa ili upate kuishi ni vigumu sana kuujengea chama.

Sasa hili la chama cha Waha. Mkumbuke Quispe, aliyetanguliza taifa lake akabaki na kura chache. Sheria yetu ya vyama ya 1992 hairuhusu chama cha kabila, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Wale wa Bolivia walikuwa ni wengi ndani ya nchi yao huku dola ikiongea Kihispania peke yake, wewe na mimi tunaandikiana Kiswahili ambacho Muha hajanyang'anywa na Mnyamwezi hajapewa. Tena hilo jina Wanyamwezi tulipewa na watu wa pwani, mababu zetu walijiita Wanyanyembe, Wagalaganza, kila mtu na utemi wake. Na hata rais akiwa mwenyeji haijamaliza: 2011 serikali ya Morales ilitaka kupitisha barabara katikati ya hifadhi ya TIPNIS, wenyeji wa bondeni wakaandamana kwa miguu kwenda La Paz, Septemba 25 polisi wakawavamia wakawapiga. Wenyeji wa bondeni hao, na barabara walioitaka sana ni wakulima wa koka waliotoka milimani. Heshima unayoidai wewe ni ya raia, kaidai kwa jina hilo, andika barua, taja tarehe na dirisha ulilohudumiwa, peleka kwa mkuu wa ofisi na nakala kwa diwani wako.

SWALI: Mwalimu, ile bendera ya vibox vya rangi kwenye maandamano ya Bolivia ni ya nini? (Msomaji, Ipuli)

JIBU: Inaitwa wiphala dada yangu, vibox 49, saba kwa saba, rangi saba zinakwenda mshazari. Katiba ya 2009 iliyoifanya Bolivia kuwa nchi ya mataifa mengi na kutambua lugha 36 za wenyeji ndio iliifanya alama ya taifa pamoja na ile bendera ya zamani. Novemba 2019 Morales alipojiuzulu baadhi ya polisi walionekana kwenye video wakiikata kwenye sare zao, na El Alto wakateremka La Paz kwa maelfu wakiwa wameibeba, hata watu ambao hawakuwa wanampenda Morales.