Kihisi cha shambani lazima kiwe na laini ya simu?

Umeuliza kama bila kampuni ya simu vihisi vya shambani, yaani vifaa vya kupima hali ya shamba, havifanyi kazi. Vinafanya. Kihisi cha unyevu wa udongo hutuma baiti chache tu kila baada ya muda, hakina haja ya 4G wala bando kubwa. Kinachotakiwa ni betri idumu na mawimbi yafike.

Njia mojawapo ya kampuni za simu ni NB-IoT, mtandao wa vifaa vinavyotuma data kidogo, iliyowekewa viwango mwaka 2016. Inapita kwenye minara ileile ya simu, inachukua kipande chembamba cha masafa ya redio, kiloherzi 180 tu, na betri imekusudiwa kudumu hadi miaka 10. Hapo kampuni ndiyo yenye mtandao, laini, na mara nyingi hata mahali data inapohifadhiwa. Njia nyingine ni LoRaWAN, mtandao wa redio wa mbali usiohitaji laini ya simu kwa kila kihisi: unasimika kipokezi chako mwenyewe, vihisi vilivyo kilomita kadhaa vinaongea nacho, na ni hicho kimoja tu kinachohitaji intaneti.

Una vihisi vitatu vilivyotawanyika? Chukua laini. Una mia kwenye shamba moja? Kulipia laini mia ni kujitakia.

Ila pima mawimbi mahindi yakiwa yamekua, si shamba likiwa tupu! Majani yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Kihisi kilichokuwa kikituma vizuri wakati wa kupanda kinaweza kunyamaza mahindi yakifika kimo cha mtu. Inua antena ipite juu ya mimea. Na kabla hujasaini mkataba, uliza data inabaki kwa nani siku ukihama kampuni.