Aliyekuanzishia dawa ndiye anayekuachisha

Usiache. Mengine nitayafikia, ila hilo lishike kwanza. Umeandika kwamba una miaka 23, daktari kakuanzishia fluoksetini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), ya miligramu 20, unaingia wiki ya pili, tumbo linachafuka, usiku hulali, na moyoni huoni tofauti yoyote. Kisha jamaa wa duka la dawa mtaani kwenu anakuambia uzitupe kabla hujawa teja, na wewe unataka kumsikiliza kuanzia kesho. Mdogo wangu, nilipofika hapo damu ilinichemka, kwa sababu maneno hayo niliambiwa mimi, karibu neno kwa neno.

Mimi nilikuwa natumia sertralini, dawa ya kundi hilohilo. Nilikuwa nimeshapata nafuu: nalala, nakula, nacheka na wanangu, cherehani inazunguka. Siku moja dawa za hospitali zikawa zimeisha, nikaenda kununua dukani. Yule wa kaunta akaisoma karatasi, akanitazama juu mpaka chini: "Dada, mbona wewe mzima kabisa? Dawa za vichaa hizi utazimeza mpaka lini? Ziache, mwili utazizoea." Hakuuliza nimeanza lini. Hakuuliza nani kaniandikia. Hakusema nipunguze kidogo kidogo. Alikuwa kavaa koti jeupe, nikajua anajua. Nikaacha siku hiyohiyo.

Hazikupita siku nyingi, kichwa kikaanza kupiga shoti. Ukigeuza macho tu, unasikia kama umeme umepita ndani ya fuvu. Kizunguzungu, jasho, ndoto za kutisha, hasira za kumfokea mtoto kwa kikombe kilichomwagika. Nikapima malaria, hakuna. Nikapima kwingine, nikaambiwa ni taifodi, nikanunua na dawa za taifodi. Hakuna aliyeuliza kama nimekatiza dawa yoyote, nami sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba ukikata ghafla dawa za aina hii mwili unalalamika hivyohivyo.

Hayo yakatulia, nikafikiri yameisha. Kumbe sonona yenyewe ndiyo ilikuwa njiani, na safari hii ilikuja nzito kuliko ya mwanzo. Ilinikuta msimu wa sare za shule, ule unaomlisha fundi nusu mwaka. Vitambaa vya watu vimejaa kwenye fremu, wazazi wanapiga simu, sipokei. Kunyanyuka kitandani kwenda msalani tu ni kazi. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Marejesho ya kikoba yakalala, cherehani moja ikauzwa, fremu ikaenda kwa mwingine. Dada yangu ndiye aliyenishika mkono akanirudisha kliniki, na daktari akanieleza jambo ambalo yule wa koti jeupe angeweza kulisema kwa dakika moja: nilikuwa mzima kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi. Ukishapata nafuu unaendelea nayo angalau miezi 6, mara nyingi 9 hadi 12, halafu unashushwa ngazi kwa ngazi huku unaangaliwa.

Yule mtu nina hasira naye hadi leo, sifichi. Wapo wafamasia makini, wanaokuuliza unatumia nini kingine kabla hawajakupa hata panadoli. Lakini mtu anayeona mgonjwa kasimama wima akaamua kapona, huyo asipewe kaunta.

Na hili la uteja alisemalo huyo wenu: teja hutaka dozi ipande kila siku, hutaka kulewa. Hakuna anayeiba simu ya mama yake akanunue fluoksetini. Mwili unaizoea, ndiyo, na ndiyo sababu hushushwa taratibu. Fluoksetini hutoka mwilini polepole, huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo ukiiacha unaweza usisikie zile shoti nilizosikia mimi. Hapo ndipo unapodanganyika zaidi, maana utajiona umepona kabisa, na ugonjwa urudi baadaye wakati hakuna anayekumbuka kwamba uliacha dawa.

Hali uliyonayo sasa inajulikana. Dawa hizi hutanguliza usumbufu, faida hufuata nyuma. Kichefuchefu, kichwa, wasiwasi na kukosa usingizi huja wiki za mwanzo na kwa wengi hupungua. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 4, na dawa kufika nguvu yake huweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Wiki ya pili bado mapema mno kuihukumu. Kunywa ukiwa umekula. Kama unainywa usiku, muulize daktari uihamishie asubuhi, kwa sababu fluoksetini huwanyima wengi usingizi.

Kwa umri wako kuna jambo lazima ulijue. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2004 kwa watoto na vijana, na 2007 ikalipanua hadi miaka 24: wiki za mwanzo, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Kwa hiyo mwambie leo unayekaa naye chumbani kwamba umeanza dawa hii, na umpe pakiti akutunzie. Yakikujia mawazo ya kufa, ukashindwa kutulia hata kukaa, au ukajikuta hulali lakini una nguvu za ajabu na maneno hayakatiki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Umeuliza pia pombe, unene na nguvu za kiume. Pombe iache, inakurudisha ulikotoka. Nguvu za kiume zinaweza kuyumba, na kuchelewa kumaliza ni kawaida kwa dawa hizi. Mwambie daktari bila haya, anaweza kubadilisha dozi au dawa. Mgongo ukikuuma usinunue tramadoli kienyeji, ikichanganyika na fluoksetini inaweza kuleta degedege na hatari nyingine.

Kesho, badala ya kuitupa, beba pakiti uende kwa aliyekuandikia. Mwambie kuhusu usingizi na tumbo, na maneno ya duka la dawa mwambie pia. Ukirudi andika hapa kakujibu nini, nitakuwa naangalia.